Siku 28 za chupa, dakika kumi za mto

Mwezi wa Disemba uliopita nilikwenda ukweni, Nyamira. Kutoka Mombasa ni safari ya usiku kucha na sehemu ya mchana, na mtu wa pwani akishuka kule kitu cha kwanza kinachomkabili ni baridi, cha pili ni maji. Kila bonde lina kijito. Kila mteremko una chemchemi. Sisi tuliozoea kungojea maji ya mfereji kwa zamu hubaki kutazama tu.

Kijito kinachopita chini ya shamba la wakwe zangu huingia Mto Kuja, ambao Wagusii wenyewe huuita Gucha. Mto huo huanzia vilima vya Kiabonyoru huko huko Nyamira, hupita Kisii, huteremka hadi Migori na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Ni mwendo wa karibu kilomita 150. Pale kijito kinapokutana na barabara ndipo shemeji yangu alipofungua biashara ya kuosha bodaboda, na ndipo nilipoukuta ugomvi.

Mama mmoja jirani, ambaye huteka maji kama mita 300 chini ya hapo, alikuwa amepanda na mtungi wake mtupu mkononi. Alisema maji yanamfikia yakiwa na povu, na ndama wake amekataa kuyanywa. Shemeji hakupiga kelele. Alinyanyua galoni ya sabuni ya maji ya lita tano akamwonyesha maandishi ubavuni: imepimwa, huoza kwa zaidi ya asilimia 60 ndani ya siku 28, ni rafiki wa mazingira.

"Mama, imeandikwa hapa. Hii si sumu. Inaoza yenyewe."

"Ioze basi kabla haijafika kwangu," mama akajibu.

Hapo wote wawili wakanigeukia. "Shemeji, si wewe ulikuwa maabara ya maji huko Mombasa? Hebu tuamulie."

Ni kweli, kwa miaka kadhaa nilikuwa fundi wa maabara ya kupimia maji, na vipimo vya namna hii vilipita mikononi mwangu. Lakini siku ile nilipata tabu kujibu kwa neno moja, kwa sababu lebo haikusema uongo, na mama hakusema uongo. Jibu refu nililowapa jioni ile nalileta hapa kwenu pia, kwani sabuni za aina ile zinauzwa Kongowea, Malindi na Lamu, na neno "inaoza" sasa limebandikwa kila mahali.

KUOZA NI KULIWA

Tuanze na neno lenyewe. Kitu kinapooza, kinaliwa. Ndani ya maji walaji ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kemikali nyingi tunazomwaga, ikiwemo sabuni, zimejengwa kwa kaboni, na kaboni kwa bakteria ni kama ugali kwetu. Bakteria huivunja, huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi, kama vile sisi tunavyokula na kupumua.

Kuna kuoza kwa namna mbili, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Namna ya kwanza ni kemikali kuvunjika kidogo tu hadi ikapoteza kazi yake. Sabuni huacha kutoa povu, lakini vipande vyake bado vimo majini. Ni kama jahazi lililovunjika mwambani: haliwezi kusafiri tena, ila mbao zake zimetapakaa ufuoni. Namna ya pili ni kuoza hadi mwisho, pasibaki kitu isipokuwa maji, kaboni dioksaidi, chumvi chumvi na miili ya bakteria wenyewe walionenepa. Kipimo cha siku 28 kinauliza habari ya namna hii ya pili. Kwa hivyo si kipimo cha mchezo.

YANAYOTENDEKA NDANI YA CHUPA

Mwongozo unaotumika zaidi duniani ni ule wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lenye makao yake Paris. Ni mwongozo nambari 301. Ulitolewa mwaka 1981 na kuandikwa upya mwaka 1992, na ndani yake mna njia sita, kuanzia A hadi F. Nitaeleza ile iliyo nyepesi kuelewa, njia D, inayoitwa ya chupa iliyofungwa.

Fundi huchukua maji safi, akayatia chumvi chache ambazo bakteria huzihitaji, kisha akayatikisa au kuyapulizia hewa hadi yashibe oksijeni. Humo hutia kemikali inayopimwa, kiasi kidogo mno: miligramu 2 hadi 10 kwa lita. Halafu hutia bakteria, nao ni wachache kwa makusudi. Tone moja tu la maji yaliyotoka katika mtambo wa kusafisha maji taka ya majumbani hutosha kwa lita nzima. Sharti ni kwamba bakteria hao wasiwe wamezoeshwa kemikali ile kabla. Wanaletewa chakula kigeni, na hakuna chakula kingine mezani.

Chupa hujazwa hadi pomoni, ikafungwa pasibaki hata kipovu cha hewa, ikawekwa gizani katika joto la nyuzi 20 au zaidi kidogo. Giza lina sababu yake. Mwanga ukiingia, mimea midogo ya majini itatengeneza oksijeni mpya na hesabu itaharibika. Kisha kila baada ya siku kadhaa fundi hufungua chupa mbili na kupima oksijeni iliyobaki. Njia kongwe ya kupima ni ile ya Mhungaria Lajos Winkler ya mwaka 1888, na mpaka leo inafundishwa. Unatia dawa zinazoinasa oksijeni, maji yanageuka rangi ya kahawia, kisha unadondosha dawa nyingine tone kwa tone hadi rangi ipotee. Hesabu ya matone ndiyo hesabu ya oksijeni.

Sasa maana ya asilimia 60. Kutokana na muundo wa kemikali, tunaweza kukokotoa ni oksijeni kiasi gani ingehitajika ili iliwe yote, isibaki. Chupa ikionyesha kwamba asilimia 60 ya oksijeni hiyo imetumika kabla ya siku 28 kuisha, kemikali imekaribia kufaulu. Sharti la ziada, kwa kawaida, ni kwamba ikishafika asilimia 10 iende mbio, ifikishe hizo 60 katika siku 10. Na kwa nini 60, isiwe 100? Kwa sababu mlaji hachomi chakula chote. Sehemu humjenga mwili. Kaboni inayobaki kwa sehemu kubwa imekuwa bakteria wapya.

Pembeni huwa pana chupa za ushahidi. Ya kwanza ina bakteria tu bila kemikali, ili tujue wao wenyewe hutumia oksijeni kiasi gani. Ya pili ina kitu kinachojulikana kwamba huoza vizuri, kama asetati ya sodiamu. Hiyo isipofika asilimia 60 kufikia siku ya 14, bakteria wako ni wabovu na kipimo chote kinatupwa. Ya tatu hutiwa hicho kinachooza vizuri pamoja na kemikali inayopimwa. Kikigoma kuoza humo, kemikali inawaua walaji wake.

Utaona kwamba mtihani huu ni mkali: bakteria wachache, wasiozoeshwa, muda mfupi. Anayeshindwa hapa huenda akaoza mahali pengine penye bakteria wengi. Lakini anayefaulu hapa, tunaamini ataoza karibu kila penye maji, hewa na bakteria. Kwa hivyo sabuni ya shemeji, kama lebo ni ya kweli, ina sifa yake halali. Nilimwambia hivyo mbele ya mama, naye akatabasamu. Tabasamu halikukaa sana.

PALE POVU LILIPOTAWALA MITO

Vipimo hivi havikuzuka bure. Sabuni ya kale, ile ya mafuta ya nazi au ya mnyama, huoza vizuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vilianza kutengeneza sabuni za unga kwa kemikali za mafuta ya petroli. Zilisafisha ajabu, lakini kufikia miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilikuwa imefunikwa na povu, kwenye malango ya mabwawa na kwenye mitambo ya maji taka.

Kosa lilikuwa katika umbo. Kila chembe ya sabuni ina mkia wa kaboni unaoshika mafuta. Bakteria huanza kuula kwenye ncha, wakashuka hatua kwa hatua, mfano wa mkwezi kwenye mnazi. Mnazi umenyooka, mkwezi hana taabu. Lakini mikia ya sabuni zile ilikuwa na matawi kila upande, kama mti wa miba, na mkwezi alikwama. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1961 ya kudai sabuni zinazooza, na katikati ya miaka ya 1960 viwanda vikageukia mkia ulionyooka. Sabuni za unga tunazofulia leo nyingi ni za ukoo huo wa mkia ulionyooka. Kwa hivyo kipimo hiki kimeusaidia ulimwengu. Taabu ni pale kinapotumiwa kujibu swali ambalo hakikuulizwa.

DAKIKA KUMI

Nilimwomba shemeji tutembee. Tulitupa jani la mgomba kwenye kijito na kulifuata huku tukitazama saa. Lilikwenda karibu nusu mita kwa kila sekunde. Mita 300 kwa mwendo huo ni dakika kumi.

Hapo ndipo jibu lilipo. Lebo inazungumzia siku 28. Mama anateka maji dakika kumi chini. Hata tukisema kijito na mto mzima huenda kwa kasi ile ile, kilomita 150 hadi ziwani ni kama siku tatu na nusu. Sabuni iliyomwagwa leo Jumatatu asubuhi yaweza kuwa ziwani Alhamisi usiku. Bakteria wa mtoni ni wengi kuliko wa chupani na wengine wamekwisha izoea sabuni, kwa hivyo huila haraka kuliko siku 28. Lakini hakuna bakteria atakayeimaliza kwa dakika kumi. Kwa yule mama, sabuni inayooza na sabuni isiyooza ni mamoja. Zote zinamfikia zikiwa nzima.

Lebo pia inazungumzia sabuni tu, haizungumzii kile ambacho sabuni inakitoa. Bodaboda inaoshwa kwa sababu ina oili ya injini, grisi na vumbi la breki. Oili huoza polepole sana kuliko sabuni, na sabuni ndiyo inayoibeba mpaka ndani ya maji. Galoni haikuandikwa neno lolote kuhusu hilo, wala si kazi yake kuliandika.

KIJIKO CHA SUKARI

Kuna jambo jingine, na hili huwashangaza wengi. Kuoza haraka si neema tupu. Mlaji anapokula anapumua, na mtoni oksijeni ni haba. Maji ya baridi ya mwinuko wa Kisii, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hubeba oksijeni isiyozidi sana miligramu 7 kwa lita.

Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4. Hakuna kinachooza vizuri kuliko sukari. Hakina sumu, unakinywa kila asubuhi. Lakini ili bakteria wakimalize chote huhitaji gramu 4 na nusu za oksijeni. Hiyo ni oksijeni yote iliyomo katika karibu lita 600 za maji ya mto ule, mapipa matatu makubwa. Mto unaotiririka juu ya mawe hujivutia hewa mpya na kujiponya, ila ukimwagiwa haraka kuliko unavyovuta, samaki hufa kwa kukosa pumzi, na maji hunuka.

Ndio maana maji ya viwanda vya kumenyea kahawa, ambavyo Kisii na Nyamira vipo vingi, yana hatari ingawa hayana kemikali hata tone. Ule utelezi mtamu unaoziba mbegu ya kahawa ni sukari na vitu vinavyooza kwa urahisi. Maji yanayotoka huko yaweza kudai oksijeni maelfu ya miligramu kwa kila lita.

Shemeji yangu mwingine, mdogo wake huyu, ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili, na jioni hiyo alituonyesha kwa jaribio wanalofanya wanafunzi wake. Alijaza chupa tatu maji ya kijito: moja ikabaki hivyo, ya pili akaitia sukari, ya tatu akaitia maji ya maganda ya kahawa. Kila moja akaitonesha rangi ya bluu iitwayo bluu ya methilini, akazifunga bila hewa, akaziweka kabatini. Rangi hiyo hukaa bluu maadamu mna oksijeni, ikiisha hupauka. Kufikia jioni ya pili chupa ya kahawa ilikuwa imepoteza bluu yake. Ya sukari ilifuata. Ya maji matupu niliiacha bado bluu nilipopanda basi kurudi.

Kipimo cha njaa hii ya oksijeni nacho kina historia. Tume ya kifalme ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1898 kuchunguza maji taka ndiyo iliyokiweka, na katika ripoti yake ya mwaka 1912 ikapendekeza kiwango cha miligramu 20 kwa lita. Muda uliochaguliwa ni siku tano, na inasimuliwa sababu yake ni kwamba hakuna mto wa Uingereza ambao maji yake huchukua zaidi ya hapo kufika baharini. Waliochagua walifikiria mwendo wa mto wao. Kwetu Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilisema maji taka yanayoachiliwa katika mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hicho hicho cha siku tano. Umbali wa kati ya 30 na maelfu ndio kazi ya mashimo na mabwawa ya kutulizia maji ambayo kila kiwanda kinapaswa kuwa nayo.

MAUA YA BIBI

Bibi yake mke wangu, ambaye kwao humwita magokoro, alikuwa akitusikiliza kutoka kizingitini. Akacheka, akasema, "Mjukuu, sisi tulilima pareto. Hiyo nayo inaoza?"

Swali zuri. Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa ngome za pareto nchini, wakati ambapo Kenya iliuzia dunia maua hayo kuliko nchi nyingine yoyote. Dawa iliyomo kwenye maua yale huua wadudu haraka, na jua likiipiga huvunjika ndani ya saa chache au siku. Hapo anayeivunja kwanza ni mwanga, si bakteria, kwa hivyo katika chupa ya gizani isingeonyesha wepesi ule inaouonyesha juani. Na jambo kubwa zaidi: kabla haijavunjika, ni sumu kali kwa samaki. Kuvunjika haraka na kutokuwa na sumu ni mambo mawili mbalimbali. Hata sabuni mpya, kabla haijaliwa, hudhuru matamvua ya samaki.

Wanasayansi waliona kuvunjika haraka kwa pareto ni kasoro ya kibiashara. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa ya kuigiza pareto ambayo jua haliivunji upesi. Kutokana na ukoo huo ndipo zilipopatikana dawa za vyandarua tunavyolalia pwani yote. Ni neema dhidi ya malaria. Ila ndiyo sababu pia tunaambiwa tusifue vyandarua hivyo mtoni wala tusivitumie kuvulia samaki. Kile ambacho bibi alikiuza kikavunjika juani, sisi tunacho kilichotengenezwa kidumu.

VISIVYOOZA KABISA

Yako mawili zaidi ambayo lebo huyanyamazia. Moja ni kwamba chupa ya kipimo inaanza ikiwa imeshiba oksijeni. Sabuni za unga za kawaida, zenye mkia ulionyooka, huoza vizuri penye hewa, lakini penye tope zito au ndani ya choo cha shimo pasipo na hewa hukaa muda mrefu bila kuliwa. Pili ni fosfati, ambayo baadhi ya sabuni huwa nayo. Fosfati haina kaboni ya kuliwa, na fosforasi iliyomo ndani yake ni elementi. Haiwezi kuoza. Inapita kwenye kipimo bila kuhesabiwa, inateremka na mto hadi ziwani, na huko inakuwa mbolea ya gugumaji, ambalo wavuvi wa Ziwa Victoria wamekuwa wakipigana nalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lebo inaweza kuwa na asilimia 60 zake kamili, na gugu bado likapata chakula.

NA SISI WA PWANI JE?

Usidhani haya ni ya watu wa bara. Wao mto wao unachukua siku tatu na nusu kufika ziwani. Sisi mitaro mingi ya Mombasa haina hata mwendo huo, na maji ya kufulia huingia mkono wa bahari pale Tudor kabla povu halijatulia. Na bahari si chupa ya mwongozo 301. Bakteria wa baharini wanaofaa kazi hii mara nyingi ni wachache kuliko wa maji taka, chakula chao kingine ni haba, na mambo huenda polepole zaidi. Ndio maana OECD ina mwongozo mwingine, nambari 306, wa mwaka 1992, unaotumia maji ya bahari yenyewe na bakteria waliomo humo humo. Mwongozo huo unaonya kwamba matokeo yake yasichukuliwe kuwa sawa na yale ya 301.

Oksijeni nayo ni haba kwetu kuliko kwao. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hubeba miligramu 6 na kidogo tu kwa lita, pungufu ya kile kijito cha baridi cha Nyamira. Kaa, kamba na samaki wachanga kwenye mikoko wanaishi kwa hizo sita.

Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha neno "inaoza", mwulize mambo manne. Imepimwa kwa mwongozo gani, wa maji baridi au wa bahari? Imefika asilimia ngapi, kwa siku ngapi? Ina fosfati au haina? Na imepimwa sabuni yote, au kiungo kimoja tu ndani yake? Asipojua, basi neno lile ni pambo. Hata akijua, bado litabaki swali ambalo ni lako, si lake: ukiimwaga hapa, yuko nani chini yako, na atafikiwa baada ya muda gani?

TULIVYOMALIZA

Sikumwambia shemeji afunge biashara. Ana watoto wawili shuleni na pikipiki ndizo zinazomlipia karo. Lakini kanuni zile zile za mwaka 2006 zilikataza kulima au kuendesha shughuli ya ustawishaji ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, kutegemea upana wake, na yeye alikuwa na miguu majini. Tulipima hatua arobaini kupanda mlima, katikati ya migomba. Tukachimba mfereji mfupi unaoingia kwenye shimo la kokoto na mchanga. Kabla ya shimo tukaweka kidimbwi kidogo cha kunasia oili, ambayo ataikinga juu kwa kopo na kuitia kwenye debe lake. Udongo ule mwekundu una hewa, na una bakteria wengi kuliko chupa yoyote niliyowahi kuifunga. Humo sabuni itapata zile siku zake 28 na zaidi, bila mtu kuinywa njiani.

Maji ya kuoshea sasa inambidi ayapandishe kwa mitungi, na alinung'unika. Mgongo wake utauma, sikumficha. Mama jirani alikuja siku ya tatu, akatazama shimo, akatazama kijito, hakusema neno. Alijaza mtungi wake pale pale juu, mbele yetu, akaubeba akaenda zake.

Siku ya kuondoka shemeji aliniuliza kama sabuni ile aendelee kuinunua au aiache. Nikamwambia ainunue. Ni sabuni nzuri, imefaulu mtihani wake. Ilikuwa imekosa muda tu.